Rangi ya Kupima

Nchi hii karibu kila kitu kinauzwa kwa kipimo. Mafuta ya kula Mangi anakupimia ya kupikia mboga ya leo tu. Sukari robo. Sabuni ya mche inakatwa vipande. Sigara moja moja. Ndivyo tunavyoishi, wengi wetu, na hakuna aibu. Lakini kuna kitu kimoja kimegoma kupimwa: rangi.

Chukulia kijana wa Ngulyati, kule Bariadi, mkoa wa Simiyu, ambaye mkono wake unajua kuchora. Wapo, jamani, kila kijiji wapo. Ukimuuliza duka la vifaa vya sanaa liko wapi atakushangaa. Halipo. Ila ukiangalia vizuri utaona lipo, limetawanyika tu. Penseli na manila ziko steshenari. Rangi na brashi ziko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya misumari na saruji. Silingibodi ziko hapo hapo au kwa fundi seremala. Kitambaa cha amerikani, ambacho kikivutwa kwenye fremu kinafaa kabisa kuchorea, kiko kwa muuza vitambaa. (Na hapo ni Simiyu, mkoa wa pamba! Pamba inaondoka ikiwa marobota, inarudi ikiwa kitambaa cha kununua.)

Shida iko kwenye kipimo. Vifaa vya ujenzi vimepangwa kwa ajili ya mtu anayejenga. Kopo dogo ni lita moja, ukibahatika nusu lita. Brashi ndogo ni ya inchi moja, ambayo ukichorea jicho la twiga unampofua. Mchoraji anataka vijiko vitatu vya bluu, viwili vya njano, na brashi nyembamba. Akitaka rangi tano anunue makopo matano. Nani ana hela hiyo?

Najua jibu mlilonalo mdomoni: mbona Tingatinga aliweza? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila shule ya sanaa wala rangi za wasanii. Alitumia silingibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania jambazi, na katika miaka hiyo michache alikuwa ameshaacha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake mpaka leo.

Ni kweli. Lakini watu wanaitumia hadithi hiyo vibaya, kana kwamba inathibitisha kuwa msanii halisi hahitaji duka. Inathibitisha kinyume chake. Tingatinga alikuwa Dar, mjini, ambako rangi ya baiskeli na silingibodi vilikuwa vinapatikana karibu naye. Ule mng'ao wa picha zake umetoka kwenye kopo. Ule umbo la mraba umetoka kwenye ubao. Muuza duka ambaye hata hajui kuchora alichangia kuamua sanaa ya Tanzania itafananaje! Sasa jiulize, huyu wa Ngulyati duka linamwamulia nini? Kalamu ya bluu na daftari la mistari.

Sisi wa Dar tunasahau haraka. Ukipungukiwa unazunguka Kariakoo mpaka unapata. Kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, tangu 2008, ambako wasanii wana karakana na wenzao wa kuwauliza. Wa mkoani anaagiza mjini, analipia na mzigo kwenye basi, kopo likifika limevuja ni shauri yake.

Kwa nini nalisema sasa? Kwa sababu mtaala mpya wa shule za msingi, ulioanza kutumika 2024, una somo linaloitwa Sanaa na Michezo. Liko kwenye ratiba. Mwalimu ataandika ubaoni "tunachora", halafu watoto sabini watachora kwa kitu gani? Tukiacha hivi hivi, sanaa itakuwa somo la kunakili maelezo, mtoto atajibu rangi za msingi ni tatu bila kuwahi kuzichanganya.

Simiyu wenyewe wameshaonyesha njia. Vijana wa Maswa walianzisha kiwanda kidogo cha chaki. Utauliza, chaki ni biashara gani? Ni biashara, kwa sababu shule zipo na kila siku zinaandika ubaoni. Somo la sanaa nalo limeleta mteja wa aina hiyo hiyo, na mpaka sasa hakuna anayemhudumia.

Mtaji wenyewe si wa kutisha. Nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi. Ziwe rangi za maji, maana rangi ya mafuta na thina yake si vitu vya kuvutisha watoto darasani. Chupa ndogo zenye vifuniko. Brashi nyembamba za namba mbili tatu. Lita moja ikigawanywa kwenye chupa ndogo inaingiza zaidi ya lita iliyouzwa nzima. Muuza mafuta ya kula anaijua hesabu hiyo bila kikokotoo. Mtasema rangi itakauka. Kopo likifunikwa vizuri linakaa.

Na wateja hawataishia shuleni. Kuna wachora mabango ambao mashine za kuchapa zimewanyang'anya kazi, mafundi vinyago, akina mama wa vikapu. Wote wananunua kidogo kidogo, na wote leo wanalazimishwa kununua kama wajenzi.

Kwa hiyo wewe uliyetoka huko na unarudi likizo, usibebe zawadi ya brashi ukaona umemaliza. Brashi moja itachakaa. Ingia dukani uulizie rangi ya kupima. Akikwambia hakuna, kesho mtume mdogo wako akaulize tena, na mwalimu naye aulize. Mangi hakusoma popote kwamba watu wanataka mafuta ya kijiko kimoja. Aliulizwa kila siku, mpaka akatafuta kipimo.