USIMFUKUZE KIJANA KWA SABABU YA SWALI LA BIOLOJIA



Msichana wa kidato cha tatu aliniuliza baada ya ibada: "Pasta, kwa nini kuwe na dume na jike? Si ingekuwa rahisi kila kiumbe kizae peke yake?" Nikamwambia aache maswali ya kidunia, aombe. Jumapili iliyofuata hakuja. Hajarudi hadi leo.

Nilikosea. Na wewe mhubiri mwenzangu unayejibu hivyo, unakosea pia.

Swali lake lilikuwa zuri. Angalia vidukari kwenye sukuma wiki. Majike huzaa majike bila dume, na kwa siku chache jani zima limejaa. Kwa hesabu hiyo dume ni hasara: anakula na hazai. Mbona basi viumbe wengi wana dume na jike?

Sasa angalia mgomba. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Tunapanda machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Hadi miaka ya 1950, biashara ya ndizi duniani ilitegemea aina moja, Gros Michel. Kuvu ya udongoni ilipopata njia ya kuuangusha mgomba mmoja, ilikuwa imepata njia ya kuiangusha yote. Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yakaangamia. Wakulima wakahamia Cavendish, nakala tena, na leo kuvu ya aina nyingine inaifuata hiyo nayo.

Mtoto wa baba na mama si nakala ya yeyote. Ugonjwa unaomlaza ndugu yake unaweza kumwacha yeye amesimama. Hata vidukari wa nchi za baridi, majira magumu yakikaribia, hurudi kwa dume na kutaga mayai.

Wanasayansi huita hiyo kazi ya mageuzi. Mimi naona mkono wa Muumba wa Mwanzo 1:27. Lakini mgomba ni uleule kwetu sote. Imani inayoogopa mgomba ni imani gani?

Tusidanganyane kwamba tunamtetea Mungu. Tunaficha aibu yetu ya kutojua. Na kanisa ambalo kila mtu ni nakala ya pasta wake ni shamba la Gros Michel: fundisho moja la uongo linatosha kulimaliza.

Binti yangu, kama unasoma hapa, nisamehe. Njoo na swali lako. Kiti chako kipo.

Shalom.