Mwana wa Shujaa Naye Ana Jina

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu mtoto anayefuata ufundi wa mzazi wake. Ni nadra kuulizwa iwapo mwana huyo angependa kulima au kuimba. Kwa mtoto wa mtu wa kawaida swali hilo ni jepesi. Kwa mtoto wa shujaa, ni swali la maisha.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomi wa Kiswahili ni kisa cha Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo ni jabari asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Kijakazi Saada, aliyempelekea gerezani mkate uliofichwa tupa, ana jina. Mwana aliyemuua hana. Tangu mwanzo hadi mwisho yeye ni mwana wa Liyongo tu. Wahakiki humwita msaliti, na hapana shaka alikuwa msaliti. Hata hivyo, yafaa kutazama chambo alichotumia mfalme wa Pate. Alimwahidi kijana huyo binti yake na nafasi katika jumba la utawala; yaani, alimwahidi cheo ambacho kingekuwa chake mwenyewe. Usaliti hauhalalishwi kwa hilo, lakini jamii isiyompa mtoto nafasi yake humwachia adui mlango wazi.

Kisa hicho cha pwani hakiko mbali na Mlima Kenya. Kithaka wa Mberia, mwandishi kutoka Tharaka, jirani ya Imenti, alikijenga upya katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), ambayo iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya. Nayo Meru ina mashujaa wake. Musa Mwariama aliongoza wapiganaji wa Mau Mau msituni, asikamatwe wala kuuawa na Waingereza, akatoka wakati wa uhuru wa Desemba 1963. Mwenzake, Baimungi M'Marete, aliuawa Januari 1965 na vikosi vya serikali ya Kenya huru.

Katika Nkubu, mji wa Imenti Kusini ulio kwenye barabara itokayo Meru kwenda Chuka na Embu, historia hiyo si ya vitabuni pekee. Ni historia ya familia. Mtoto wa mpiganaji alikua bila baba wakati wa vita, na pengine vita vilipokwisha aliletewa sifa badala ya baba. Ifikapo tarehe 20 Oktoba, iliyofanywa Sikukuu ya Mashujaa na Katiba ya 2010, hutambulishwa kwa jina la mzazi. Akiwa mchuuzi wa ndizi sokoni, anayewalea wanawe kwa jasho lake, huhesabiwa kuwa ameshindwa, ilhali jirani yake mwenye kazi iyo hiyo husifiwa kwa bidii. Mizani hiyo ndiyo humpima mtoto wa mwalimu darasani: akifaulu, ni damu ya babaye, akianguka, ameiaibisha.

Yamkini wapo watakaosema kuwa jina kubwa ni fursa. Ni kweli. Jina la Kenyatta lilimfungulia Uhuru Kenyatta milango mingi hadi akawa rais mwaka 2013. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa mwaka 1997 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge huko Gatundu Kusini, nyumbani kwa babaye. Jina hufungua mlango, lakini halimtembezi mtu hadi ndani.

Mfano wa mwana aliyejitafutia njia ni Mũkoma wa Ngũgĩ. Babaye, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alijulikana ulimwenguni kwa kutetea uandishi katika Kikuyu na lugha nyingine za Kiafrika. Mũkoma aliandika riwaya za upelelezi kwa Kiingereza, kisha mwaka 2014 akashirikiana na Lizzy Attree kuanzisha tuzo ya Mabati-Cornell kwa fasihi ya Kiswahili. Hakusana kama babaye, wala hakukaa kuvukuta. Alijenga tanuri lake, na wanaofaidi moto wake ni waandishi wa Kiswahili.

Basi kazi imo mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri. Darasani, mwana wa Liyongo ajadiliwe kama mhusika mwenye nafsi, si kama mkono ulioshika sindano tu. Nyanjani, mtafiti wa fasihi simulizi aendaye Imenti kukusanya visa vya wapiganaji asimwone mwana wao kuwa ghala la kumbukumbu za mtu mwingine. Baada ya kuandika aliyoyatenda baba, afungue ukurasa mpya, aandike jina la msimulizi juu yake, kisha amsikilize.