Rupia 500 zilizogeuka rupia 5

Leo nina kisa cha aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Nakitoa hadharani kwa sababu naona watu wakirudia kosa hili kila siku.

Ami yangu anaishi Mji wa Kale, Mombasa, na ana kasha la barua za babu yake. Zote ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo, nilipewa kazi ya kuziskani, kurasa 212. Niliziskani vizuri tu: rangi kamili, pikseli 600 kwa inchi, faili za TIFF. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho una pikseli 4,960 kwa 7,016, yaani karibu milioni 35, na kila pikseli inakula baiti 3. Piga hesabu: megabaiti 104 hivi kwa ukurasa mmoja.

Nikarudi Nairobi, nikafungua kurasa kumi kwa mpigo ndani ya GIMP. Laptopu yangu kuukuu ina RAM ya gigabaiti 2. Ikakwama kama matatu kwenye matope. Basi nikafanya wanachofanya wengi: nikapunguza kila ukurasa hadi pikseli 150 kwa inchi, kisha nikapitisha kichujio cha kuondoa madoa, kile kiitwacho Despeckle, maana karatasi zilijaa vidoa vya ukungu. Kurasa 30 za kwanza zikang'aa. Nikazihifadhi juu ya faili asilia. Ndiyo, juu ya zile zile.

Nilipomwonyesha Ami barua ya kuuzwa kwa shamba la minazi, alivaa miwani, akasoma, akaguna.

"Mwanangu, babu yangu hakuuza shamba kwa rupia tano."

Kwenye tarakimu zilizotumika katika barua hizo, sifuri ni nukta. 500 ni kiduara na nukta mbili. Kichujio kilidhani sifuri ni uchafu, kikazifuta. Na si tarakimu pekee. Herufi za b, t na n zikiwa mwanzoni au katikati ya neno zina umbo lile lile, zinatofautiana kwa nukta tu. Futa nukta, na "nia" na "tia" huwezi kuzitenganisha.

Sasa tazama kosa lilikoanzia. Nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita ina pikseli 12 hivi kwenye faili ya 600. Kwenye faili ya 150 inabakiwa na 3, ukubwa ule ule wa vumbi ambalo kichujio kimetumwa kuliondoa. Kichujio hakina lawama, mimi ndiye niliyekiondolea njia ya kujua lipi ni vumbi na lipi ni sifuri.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: faili kubwa si adui. Ukiambiwa upunguze picha au ununue kompyuta mpya, kataa yote mawili kwanza. Badilisha namna ya kufanya kazi. Programu huria zinatosha, na hazikudai senti.

Moja, faili asilia usiiguse. Iwekee ulinzi wa kusomwa tu, kisha fanya kazi kwenye nakala. Kurasa zangu zote 212 ni gigabaiti 22 hivi, zinaingia kwenye flashi ya 32 na nafasi inabaki.

Mbili, fungua ukurasa mmoja kwa wakati. Kwenye GIMP kila tabaka unaloongeza na kila hatua inayokumbukwa ili uweze kuirudisha nyuma ni mzigo juu ya mzigo. Ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya rasilimali za mfumo, uipangie kiasi cha RAM itakachotumia kabla ya kuhamia kwenye diski. Usiipe yote.

Tatu, kama ukurasa mzima bado ni mzito, kata kipande. Hapa nawapendekezea libvips. Mizizi yake ni mradi wa Ulaya ulioitwa VASARI, ulioanza 1989, wa kupiga picha za kidijitali za michoro ya makumbusho. Haibebi picha yote kwenye kumbukumbu, inaipitisha sehemu kwa sehemu. Amri ni fupi:

vips crop barua.tif kipande.tif 1200 3400 2000 1500

Namba mbili za kwanza ni mahali pa kuanzia, kutoka kushoto na kutoka juu. Mbili za mwisho ni upana na urefu. Safisha kipande, kisha kirudishe mahali pake:

vips insert nakala.tif kipande.tif mpya.tif 1200 3400

Nne, madoa ya maandishi ya mkono yaondoe kwa mkono, na mtu anayeijua hati awe kando yako.

Sitawadanganya kwamba ni raha tupu. GIMP inakula RAM, na kuandika amri kunawatisha wengi. Kazi ya siku moja inaweza kuchukua wiki. Lakini wiki ni kitu gidogo ukilinganisha na yaliyonipata baadaye.

Nilirudi Mombasa kuziskani upya zile kurasa 30. Ishirini na tisa zilitoka salama, ile ya shamba ikiwemo: rupia 500, nukta zote mbili mahali pake. Barua moja ilikuwa imekatika kwenye mkunjo, na mstari wa hapo umemeguka vipande vipande. Mstari huo sasa uko mahali pamoja tu duniani, kwenye faili yangu ya pikseli 150, bila nukta. Ami amejaribu kuusoma mara tatu. Hajaweza.

Haya, nendeni mkahifadhi nakala. Tuonane wiki ijayo.