Mtu Si Samaki

Iko methali ambayo kila mwanafunzi ameisikia: Samaki mkunje angali mbichi. Ni methali njema itumiwapo katika malezi ya watoto. Lakini, ewe msomaji, hata methali njema huweza kutumiwa vibaya, na hii hutumiwa vibaya kila mara watu watakapo kumnyima mtu mzima msaada wa masomo. Husema, "Huyo amekwisha kauka, fedha wapewe vijana." Nami nasema kuwa neno hilo ni dhuluma, na tena ni hasara kwa nchi.

Mfikirie mama mmoja, mfano wa wengi, auzaye viazi katika soko la Wakulima mjini Nakuru. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha, yeye alikuwa msichana wa kidato cha pili, wa umri kama wako. Nyumba yao ikachomwa, wakakimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho ya kilimo, na masomo yake yakakatika. Baadaye aliolewa, akazaa, akafanya vibarua katika mashamba ya maua. Lakini kitabu hakukiacha. Alisoma usiku watoto walipolala, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa binafsi, akafaulu. Sasa chuo kimemkubali, naye atafuta karo.

Hapo ndipo akutanapo na ukuta. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria mwaka 1995 ili umaskini usimzuie mtu kusoma. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, na wengi wamesoma kwayo. Lakini fomu za mikopo na za misaada zimezoea kijana atokaye shuleni: huuliza habari za baba na mama na mapato yao, na hutaka wadhamini. Mpango mpya wa mwaka 2023 nao ulianza na vijana waliofanya mtihani wa 2022, ukapima haja ya kila mmoja kwa hali ya jamaa zake. Mkopo uitwao Jielimishe ulibuniwa kwa ajili ya watu wazima, lakini wale wenye mshahara. Basi mama yetu aingie mlango gani? Si mtoto wa kuulizwa mapato ya baba aliyekwisha zikwa, wala si karani wa kuonyesha hati ya mshahara.

Wapinzani wetu wana hoja, na haki ni kuzisikiliza. Wasema fedha ni chache, na kijana ana miaka mingi ya kulitumikia taifa. Fedha ni chache kweli. Lakini mkopo si sadaka. Hurudishwa pamoja na faida, na mama aliyelipa deni la gunia la viazi kila wiki ajua kulipa deni kuliko wengi wetu. Wasema tena kuwa mtu mzima ana mashaka mengi, ataacha masomo njiani. Je, aliyesoma kwa taa ya mafuta baada ya kutwa ya vibarua ndiye wa kutiliwa shaka? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; ni rahisi kuupima kwa macho.

Tena fedha hizo ni za nani? Mama huyu hulipa ushuru wa soko kwa kaunti, na kila anunuapo sabuni hulipa kodi ya Serikali. Amechangia karo za watoto wa wengine kwa miaka mingi. Ni haki gani imruhusuyo kuchanga na kumkataza kuomba?

Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya karo za shule za msingi kufutwa mwaka 2003. Ghasia za 2008 zilipomtupa kambini, aliendelea kwenda shuleni. Mlango ulipofunguliwa bila kuulizwa umri, mzee aliingia. Katiba ya mwaka 2010 nayo yasema, katika kifungu cha 43, kuwa elimu ni haki ya kila mtu. Na kifungu cha 27 chakataza ubaguzi kwa sababu ya umri.

Basi tudai mambo mawili. Fomu imwulize mtu mzima mapato yake mwenyewe, na watoto wangapi wamtegemea. Tena ushahidi wa chama chake cha akiba au risiti za ushuru wa soko zikubaliwe penye kutakiwa hati ya mshahara.

Nawe, kijana, una sehemu yako. Usimcheke mama yako akikuomba umfafanulie hesabu. Keti naye, msaidie kuijaza fomu. Na siku moja, utakapokuwa wewe nyuma ya meza, na fomu hiyo ikaletwa mbele yako na mikono iliyokauka kwa kazi, usitazame mwaka wa kuzaliwa kwanza. Samaki akikauka hakunjiki. Lakini mtu hujikunja mwenyewe atakapo kusoma, hata akiwa mzee. Kawia ufike, walisema wahenga. Tusimfungie lango aliyekawia kwa sababu njia yake ilichomwa moto.