Shafti Haipimwi Ingali Moto

Ijumaa moja baada ya sala alinijia mtoto wa ndugu yangu, kijana ambaye haujatimia mwaka tangu atunukiwe shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, na ambaye amejaaliwa kupata kazi ya matengenezo katika kiwanda kimoja hapa Tanga. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, na kahawa ilipokwisha kumiminwa akanitolea mambo mawili yaliyokuwa yakimkosesha usingizi. La kwanza, alikuwa na azma ya kutoa akiba yake yote anunue kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu za kuchorea mitambo. Na la pili, alitaka aombe sasa hivi nafasi ya shahada ya uzamili ng'ambo, kabla hajayasahau ya darasani. "Ami," akaniambia, "wenzangu wameshaondoka." Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, leo namjibu kwa urefu, kwa kuwa najua si yeye peke yake aulizaye.

Rai yangu ni kwamba mambo yote mawili ni mema, ila utaratibu wake umepinduliwa. Mhandisi mchanga asitangulize chombo cha kuchorea mbele ya chombo cha kupimia, wala asiikimbilie elimu ya juu zaidi kabla mtambo wenyewe haujamwuliza swali asiloweza kulijibu.

Amma habari ya vyombo, kompyuta kiwanda kinayo, na mwenye haja ya kujizoeza kuchora nyumbani hupata programu kama FreeCAD bila ya kulipa hata senti. Bali kalipa nzuri na maikromita ya milimita 25 hadi 50, na nyingine ya 50 hadi 75, hivyo ni vitu vya kumilikiwa na mtu mwenyewe, vikafutwa mafuta kwa mkono wake na kufungiwa katika kisanduku chake, kwa sababu chombo cha kupimia kinachopita mikono kumi hakiaminiki tena.

Nilipokuwa na umri wake nilikabidhiwa kazi ya kusimamia ukerezaji wa shafti ya pampu, nayo ilikuwa na mahali pa kukalia beringi yenye tundu la milimita 50. Mchoro ulitaka kipimo cha shafti kisipungue milimita 50.002 wala kisizidi 50.018, yaani nafasi yote tuliyopewa ni milimita 0.016, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa mwanadamu. Niliipima shafti ingali imeshikwa na mashine ya kukereza, nayo ilikuwa moto kiasi cha kuumiza kiganja. Maikromita ikasoma 50.01, nami nikaagiza ifunguliwe. Asubuhi yake beringi iliingia kwa mkono mtupu, bila ya kupashwa moto wala kusukumwa, jambo ambalo kwa shafti ya namna ile ni msiba, kwani kikuku cha ndani cha beringi hubaki kikiteleza juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, kikaila siku baada ya siku hata vyote viwili viharibike. Tulipoipima tena ilikuwa chini ya 49.99.

Chuma cha pua hutanuka takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kwa hiyo shafti ya milimita 50 iliyozidi joto la karakana kwa digrii 40 huwa imenenepa kwa milimita 0.024, ambayo ni zaidi ya nafasi yote iliyoruhusiwa. Hesabu hiyo nilikuwa nimeifanya katika mtihani na nikaipatia. Aliyenifundisha maana yake ni mkerezaji mtu mzima wa karakana ile: kwa shafti ya pili aliweka mgongo wa mkono juu ya chuma kilichokerezwa, kisha akauweka juu ya jiliwa, akarudia hivyo mara tatu kwa utulivu, na mpaka baridi ya viwili hivyo ilipolingana ndipo aliponiruhusu kuigusa maikromita. "Shafti haipimwi ingali moto, mwanangu," akasema, na hakuongeza neno.

Fauka ya hayo, nchi yetu imekwisha kuweka njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha masomo ya uhandisi mwaka 1973 kiliwapeleka wanafunzi viwandani wakati wa likizo, na sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ina mpango wa mafunzo ya kazini ya miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Vijana wengi huiona miaka hiyo kuwa kizuizi. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha elimu yenyewe. Humo ndimo kijana atakamokuta pampu mbili za aina moja, moja ikiua beringi kila baada ya miezi michache na nyingine ikidumu miaka, naye ajiulize kama sababu ni mafuta, au mtikisiko, au shafti mbili zisizonyooka pamoja. Na swali hilo litamwonyesha somo la uzamili linalomfaa, kuliko kitabu chochote cha matangazo ya vyuo. Siwalaumu wenzake waliotangulia ng'ambo, maana wako wenye kipaji cha nadharia, na ufadhili nao haumngoji mtu. Lakini kijana wangu si katika hao, anapenda mitambo.

Nanyi wakuu wa viwanda, nawasihi msimfungie mhitimu ofisini akaandika ripoti za matengenezo asiyoyaona. Mpeni daftari, bwelasuti na fundi mtu mzima wa kumfuata.

Na wewe, mwanangu, mwezi huu nunua maikromita. Barua ya kuomba uzamili tutaiandika pamoja, mwaka wa tatu, ukija na swali lako.