Nani Atatunza Watoto Wetu?



Usiku mumoja mwaka jana nilibeba mutoto wangu wa miezi nane mpaka hospitali. Alikuwa na homa kali, naye alipumua kwa haraka. Pale tulikuta infirmie mumoja na munganga kijana wa watu wote: wamama wa kuzaa, wale walioumizwa mugodini, na watoto pia. Ni mutu wa moyo muzuri. Alituambia wazi: "Munganga wa watoto hayuko, atafika kesho kutwa." Mutoto wangu alipona, tunashukuru Mungu. Mutoto wa kitanda cha pili hakufikia kesho kutwa.

Wengine husema: munganga ni munganga. Wanajidanganya. Mutoto muchanga hawezi kusema mahali anapoumwa. Dawa yake hupimwa kwa kilo za mwili wake, na kosa dogo la hesabu linaweza kumuua. Akihara, maji ya mwili yanamwishia upesi kuliko mutu mukubwa. Akikohoa, lazima pumzi zake zihesabiwe: mutoto wa miezi 2 hata 12 akipumua mara 50 ao zaidi kwa dakika moja, ao wa mwaka 1 hata 5 akifikia mara 40, ni hatari ya ugonjwa wa mapafu. Hesabu hiyo infirmie wa kambi anaweza kuifanya. Lakini nani atamufundisha, kama munganga wa watoto mwenyewe hayuko?

Tukumbuke tulikotoka. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Kongo haikuwa na munganga hata mumoja mwenyeji mwenye diploma kamili. Kulikuwa wasaidizi wa wanganga tu, watu wa akili waliofanya kazi kubwa bila jina wala mushahara wa munganga. Jason Sendwe, ambaye jina lake liko juu ya hospitali kubwa ya Lubumbashi, alitoka katika kazi hiyo. Kisha OMS ilituma wasaidizi wengi Ufaransa kumaliza masomo, nao wakarudi wanganga kamili. Basi, feza na nia zikipatikana, watu wanafundishwa.

Leo tuna universite zetu, Lubumbashi na pengine. Lakini masomo ya munganga yanapita miaka 6, na anayetaka kutunza watoto anaongeza tena miaka mingi katika hospitali kubwa, chini ya walimu. Miaka hiyo yote nani anamulisha, yeye na bibi yake? Wengi wanaacha njiani. Wengine wakimaliza wanabaki Kinshasa ao wanavuka mipaka. Na sisi tunazika. Katika surua ya miaka 2019 na 2020 watu zaidi ya 6,000 walikufa katika inchi hii, wengi wao watoto, na chanjo ya surua inajulikana tangu zamani.

Feza iko wapi? Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inaagiza kompani zinazochimba zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Mimi ni karani, hesabu ndiyo kazi yangu: juu ya mauzo ya dola 1,000,000,000 inatoka dola 3,000,000. Tunajenga kuta, tunapaka rangi, tunakata utepe. Kuta hazihesabu pumzi za mutoto.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Sehemu ya feza hiyo ilipe masomo ya vijana wa miji yetu watakaokuwa wanganga wa watoto. Nao waahidi kwa maandiko kutumika kwetu kwa miaka inayojulikana. Tena, wakirudi wapewe nyumba, dawa na mushahara unaofika mwisho wa mwezi, maana ahadi inafunga pande mbili.

Na sisi wazazi, tusijitoe katika kosa. Tupeleke watoto wapate chanjo. Mutoto akipumua kwa haraka, tusingoje siku ya tatu. Tusimutukane munganga kijana anayekesha peke yake. Tumutafutie wenzake.

Shaba itakwisha siku moja. Watoto ndio watabaki, kama tukiwatunza.