Kabla Ucheke Panya wa Maabara, Sikiza Hii

Wasee, wiki jana niliweka video fupi ya panya aliyepandikizwa pafu, na komenti zikajaa. "Hawa watu hawana kazi." "Hizo pesa si wangetengeneza barabara." Mwingine akauliza kama huyo panya amejisajili SHA. Hiyo nilicheka, siwezi danganya. Lakini bado mmekosea.

Huku kwetu Kipkelion, kogo amepika kwa kuni zaidi ya miaka hamsini, jikoni yenye kadirisha kamoja tu. Siku hizi akitoka mlangoni kwenda bombani anasimama mara tatu kutafuta pumzi. Daktari alisema mapafu yameharibika na hayatarudi. Kogo akaniuliza, tena bila mzaha: "Figo wanabadilisha. Mapafu je?"

Swali poa. Figo zinapandikizwa hapa Kenya, Kenyatta na pale Moi, Eldoret. Pafu ni kitu kingine. Linavuta hewa ya nje mchana na usiku, hewa yenye vumbi, moshi na viini, kwa hivyo kinga ya mwili haipumziki na pafu la mtu mwingine hukataliwa haraka. Mtu wa kwanza kupandikizwa, mikononi mwa Daktari James Hardy kule Mississippi mwaka 1963, aliishi siku 18. Miaka iliyofuata walijaribu kwa karibu watu 40 na hakuna aliyemaliza mwaka. Ni hadi 1983, Toronto, ndio mgonjwa wa Joel Cooper akarudi nyumbani na kuishi miaka kadhaa. Dawa iliyosaidia, saiklosporini, nguvu yake ya kutuliza kinga ilionekana kwanza kwa panya wa maabara.

Sasa hiyo operesheni yenyewe. Panya mdogo ana gramu 25 hivi. Mishipa yake ya pafu haifiki hata milimita moja, na hapo inafaa uunganishe vitu vitatu: mshipa unaoleta damu, ule unaoirudisha kwa moyo, na bomba la hewa. Mwaka 1971 walianza na panya wakubwa, wakishona kwa uzi chini ya darubini. Ukikosea kidogo, damu inaganda. Ndio mwaka 1989 watafiti wa Osaka, Japani, wakatumia vipete vidogo. Unakata kipande cha mrija, kama ule wa dripu, unapitisha mshipa ndani, unaukunja kwa nje vile unakunja mkono wa shati, unafunga. Kisha unaingiza kwa mshipa wa panya anayepokea na kufunga tena. Hakuna kushona. 2007 ikawezekana hata kwa wale panya wadogo kabisa. Na huwa ni pafu la kushoto, kwa sababu upande huo panya ana kipande kimoja tu, kulia ana vinne.

Mi sisemi kila jaribio ni sawa. Anayepasua mnyama bila dawa ya usingizi ashtakiwe, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tunayo. Kitu kinaniuma ni kingine. Kabla niache chuo, somo la maabara tulipewa panya mmoja, sisi kundi zima tumezunguka meza. Mi nilikuwa nyuma, niliona mkia. Huyo panya ndiye alikufa bure, si wale wa Osaka.

Kwa hivyo mkitaka kulalamika, lalamikeni kwamba wanafunzi wetu hawashiki hizo darubini vya kutosha. Mkono uliozoea mshipa wa panya ndio unaweza kurudisha kidole kilichokatwa na mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe. Nani hapa Kericho hajui mtu aliyepoteza kidole hivyo? Mi najua watatu, na mmoja ni jirani.

Kogo hatapata pafu jipya. Umri umeenda, na hata kwa nchi zenye pesa, wengi waliopandikizwa hawafikishi miaka kumi. Nilimwambia ukweli, nikahamisha jiko nje chini ya mabati mawili, na sasa ninatafuta la gesi. Halafu nikamwonyesha ile video kwa simu. Aliangalia hadi mwisho, akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wenu aliuliza kwa komenti: huyo panya aliamka?

Aliamka, kogo.